Waimbaji Hawakuingia

Kwanza nikiri: mwezi wangu wa kwanza Nambis, huku kwenye baridi ya Mbulu, nilimchukia mwalimu wa kwaya. Nilikuwa nesi mgeni, mtu wa Tanga, nimezoea joto na watu wanaoshikana mikono mpaka maneno yaishe. Asubuhi moja ya ukungu nikapita mbele ya nyumba yake, nikasema, "Shikamoo, mzee," nikanyoosha mkono. Akaitikia marahaba vizuri tu, kwa sauti nene ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Mkono wangu akauacha hewani. Akarudi nyuma hatua mbili, akaendelea kufunga mafungu ya vitunguu saumu vyake. Nilifika zahanati nimefura. Nikajiambia huyu mzee ananiona mchafu, au ushungi wangu umemkera.

Kumbe hakuwa akimpa mkono mtu yeyote. Wenzangu wa zahanati walinieleza wakinicheka. Mkewe alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na zamani za wazee wa Kiiraqw, wenyeji wa huku, nyumba iliyofiwa ilijitenga. Mfiwa hali na watu chombo kimoja, haingii kwa jirani, hashiki mkono wa mtu, mpaka wazee wakae waseme basi, imetosha, rudi. Sikuyaona hayo kwa macho, nayasema kama nilivyosimuliwa, na walionisimulia walisema siku hizi hakuna anayeyafuata. Hakuna, isipokuwa mwalimu wa kwaya, ambaye miaka yote alikuwa akiyapinga kwa sauti kubwa kuliko mchungaji mwenyewe.

Hapo ndipo alipojinasa. Wazee wa mila hakuweza kuwaita, maana aliwahi kuwaambia mbele za watu kwamba mambo yao ni ya giza, na wao hawakusahau. Mchungaji alipokwenda kumwona, alimwambia, "Mwalimu, nitakufunguaje na hakuna aliyekufunga?" Akasali, akaondoka. Basi mtu akabaki hapo katikati, huku hayumo na kule hayumo, na kigoda chake, kikombe chake, bakuli lake na sahani yake ya bati. Kanisani aliingia wa mwisho, akakaa benchi la nyuma peke yake, akatoka wa kwanza. Hakuimba hata pambio.

Nisije nikamfanya mtakatifu. Alikuwa na ulimi. Binti mmoja wa sauti ya kwanza alikuja kuchomwa sindano kwangu akaniambia siku moja alijitokeza kuimba peke yake, akaimba kwa nguvu zote, mwalimu wa kwaya akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Sauti unayo. Masikio umeyaacha nyumbani, kayachukue." Mazoezi yalikuwa saa tisa kamili na mlango ukifungwa umefungwa. Mke wa mchungaji alichelewa siku moja akafungiwa nje na mvua inanyesha. Akaimba sehemu yake dirishani, na mwalimu akamwongoza kwa mkono kupitia kioo kana kwamba ni jambo la kawaida. Sifa yake kubwa kabisa ilikuwa "si vibaya." Akikuambia hivyo unarudi nyumbani unacheka njia nzima.

Alikuwa na msemo wake: "Anayejisikia mwenyewe tu, huyo haimbi, anapiga kelele." Wanakwaya waliurudia hata shambani, mtu akikosea mstari wa jembe. Noti aliandika kwa herufi, do re mi, kwa penseli iliyochongwa kwa kisu, na aliweza kuangalia ukurasa akasikia sauti zote nne kichwani bila kufungua mdomo. Lakini kitu alichokipenda kuliko vyote hakukisikia hata mara moja. Kwenye semina ya walimu wa kwaya, bado akiwa na ujana, alipewa ukurasa uliochanika kwenye kitabu: picha ya okestra kutoka juu, nusu duara, kila chombo na mahali pake. Aliubandika ukutani kwa ugali mbichi. Miaka thelathini aliipanga kwaya ya Nambis kwa nusu duara ile ile, na kila kundi akalipa jina la chombo. Walioimba sauti ya pili walikuwa mazeze ya katikati. Mmoja wao alikuwa mkewe.

"Ulijuaje vyombo hivyo vinaliaje?" nilimwuliza siku moja.

"Sikujua. Nilivipa sauti mwenyewe. Hiki chembamba cheusi cha kupuliza nilikipa sauti ya mbuzi aliyefungwa mbali na mama yake. Hili zeze kubwa, ng'ombe jike. Ningefanyaje, Nesi? Hapa nani angekuja kunipigia?"

Mtauliza tulianzaje kuongea. Ni presha. Mkono wa mtu hakuushika, lakini kipimo cha presha alikikubali. Nilipomtania kwamba nami nina vidole na vinamgusa, akaniambia bila kutabasamu, "Huo si mkono wa mtu. Hiyo ni serikali." Basi kila Alhamisi baada ya kliniki ya watoto nikawa napita. Nampima, namkemea chumvi, kisha nakaa kwenye kizingiti na yeye kwenye kigoda chake kule, tunaongea kwa sauti ya watu walioko ng'ambo mbili za mto. Chai alinimiminia kwenye kikombe cha wageni, akakiweka chini katikati, akarudi kukaa, ndipo mimi nikakifuata. Wallahi, mara ya kwanza nilitaka kukipiga teke.

Kwa nini alijitia humo, alinieleza mara moja tu na sikurudia kuuliza. Kulikuwa na mashindano ya kwaya, na mkewe alikuwa na homa na kifua. Mke akamwambia, "Nenda, watakosa mtu wa kuwaongoza. Mimi nitakunywa chai nilale." Akaenda. Wakashinda. Wamerudi na lori wanaimba, kombe liko mbele kwa dereva, wamekata kona ya nyumbani, na uani watu wamekaa, wanaume upande huu, wanawake upande ule. Lori lilikuwa bado linaimba. "Walionyamaza wa kwanza ni sauti ya pili," akaniambia. "Halafu wengine. Mimi nikawa wa mwisho kunyamaza, maana nilikuwa nimewapa mgongo watu wa uani, nawaongoza wanakwaya." Mimi ni nesi, vichomi nimeviona, nikamwambia pengine hata angekuwepo isingesaidia. Akaniangalia kama nimemtukana.

Binti yake alikuwa mmoja tu, fundi cherehani Katesh, wilaya ya Hanang. Krismasi ya mwaka wangu wa pili alikuja na mtoto wake wa mwaka na kitu, anatembea kwa kuyumba, jina amepewa la bibi yake marehemu. Nilikuwapo, nilipita kuwasalimu. Mtoto akamwona babu, akaenda moja kwa moja ameinua mikono miwili, kama wafanyavyo wote wakitaka kubebwa. Mzee akasogeza kigoda nyuma. Mtoto akasogea. Mzee akasogeza tena, mpaka mgongo ukagusa ukuta, na uso wake, jamani, nisingependa kuuona tena. Mtoto akasimama pale na mikono juu. Kisha akaketi chini akalia.

Binti alimwinua mwanawe akampangusa vumbi taratibu. "Baba," akasema, "nimekuja nikiwa na mimba ukakaa mbali. Nimekuja na kichanga ukakaa mbali. Huyu sasa anaelewa. Siku ukirudi kwa watu nitamleta. Kabla ya hapo sitamleta alie mlangoni kwako." Akaondoka siku ile ile, kwa pikipiki mpaka barabara kuu. Alhamisi iliyofuata presha yake ilikuwa juu mno, nikamkemea chumvi tena, na wote wawili tulijua si chumvi.

Sasa habari ya ule muziki. Memori kadi yangu alinijazia fundi simu mmoja wa Mbulu mjini. Nilimwagiza taarabu na kaswida. Alinipa, lakini katikati akanichomekea vipande sita visivyo na majina, namba tu. Vyombo vingi sana, hakuna anayeimba. Mimi nikivifikia navirusha, maana vilinikumbusha redio siku ya msiba wa taifa, unakaa unangoja uambiwe nani amekufa. Alhamisi moja ya masika mvua ikanikamata kwa mwalimu wa kwaya. Nikafungua simu nipoteze muda, nyimbo zikajipitia zenyewe, na kabla sijabonyeza, kipande cha kwanza kikaanza.

"Acha!" Sijawahi kumsikia akipaza sauti vile. "Acha hapo. Rudisha mwanzo."

Nikarudisha. Simu yangu sauti yake ndogo, na bati linapigwa na mvua. Akainuka akaleta bakuli lake la bati, lile lake asilomgusisha mtu, akaliweka katikati. "Itie humu, itasikika. Simu si mtu." Nikaitia, na kweli, bakuli likaanza kuvuma.

Alisogea mpaka kwenye ukurasa wake ukutani. Akawa anafuata kwa kidole. "Hawa ni wa kushoto. Wale wa nyuma wanangoja. Umewasikia? Wameingia." Kikaja chombo chembamba, cha pua pua, kinalia peke yake, akageuka kunitazama, macho yamemtoka. "Mbuzi!" akasema. "Nesi, ni mbuzi kweli!" Akacheka. Miaka karibu mitatu namfahamu, sikuwa nimeyaona meno yake yote.

Kipande cha kwanza kikaisha, pakawa na kimya. Mwalimu wa kwaya akainua mkono kunizuia nisiseme. "Wanavuta pumzi," akanong'ona. "Sasa waimbaji wanaingia."

Kikaanza cha pili, vyombo tupu. "Utangulizi mrefu," akasema. Cha tatu kikaja na matarumbeta na ngoma. Hapo akaanza kuchukia. "Huyu mwalimu wao ni mtu gani? Watu wamesimama tangu saa ile, koo zinakauka. Angekuwa kwangu ningemwambia, ndugu, ama uwaingize ama uwaketishe." Na mimi, Mungu anisamehe, nilijua au nilidhani najua kwamba hakuna wa kuingia, nikanyamaza. Alikuwa amesimama wima mbele ya ukuta, kiganja chake cha kulia kimeinuka kidogo kiunoni, tayari kuwapokea.

Cha nne kilikuwa cha taratibu, mazeze matupu, chini chini kabisa, na mvua ikakimeza chote. Akaja akapiga magoti juu ya bakuli. Hasikii. Akaweka sikio karibu kuligusa. Hasikii. "Kuna kitu kinapita humo," akasema, "na mimi sikipati."

Nilikuwa na waya wa masikioni mfukoni. Nikautoa, nikamwonyesha. Una vichwa viwili. Akaelewa mara moja, akarudi nyuma na magoti yake. "Hicho kimekaa sikioni mwako," akasema.

"Nitakipangusa kwa spiriti. Mbele yako."

"Na kingine utaweka wewe."

"Ndiyo, Mwalimu. Nami nataka kusikia. Na waya ni mfupi, utakuja ukae hapa."

Sikuwa nikitaka kusikia, nasema kweli. Nilikuwa nimechoka na umbali ule. Nilichoka kumpigia kelele mtu aliye hatua tano. Nikapangusa kile kichwa, nikakishika kiganjani, nikakaa na mkono wangu umenyooka, na safari hii nikaapa siushushi mpaka achukue au anifukuze.

Akakichukua kwa vidole viwili. Akaja akakaa kizingitini, bega lake na langu yanakaribia kugusana, ananuka kitunguu saumu na moshi. Nikaanza cha nne upya.

Sijui muziki. Niliyoyasikia ni mazeze yanayokwenda polepole, na moja juu likiwa na huzuni yake. Yeye hakulisikiliza la juu. "Hiyo ya chini yake," akasema. "Ya pili. Umeisikia? Haitaki kuonekana. Ukiitoa, ya juu inaanguka." Kisha akasema jina la mkewe, mara moja tu, kama mtu anayemwita chumba cha pili, na machozi yakamtoka bila uso kubadilika. Mimi nililia kwa sababu yeye alilia, sina sababu nyingine.

Cha tano na cha sita vikapita. Kiganja chake kikainuka tena. Vyombo vyote vikapanda pamoja, vikakata. Mvua tu.

"Kimebaki kingine?"

"Hakuna. Ni sita."

"Na waimbaji?"

"Hawamo, Mwalimu. Ni vyombo peke yake. Ndivyo ulivyo."

Akatoa kile kichwa sikioni, akakiweka kwenye bakuli, akarudi kwenye kigoda chake kule ukutani. "Nenda, Nesi," akasema, "kabla mto haujajaa."

Nilitamani niseme kwamba muziki ulimponya. Mimi nafanya kazi na dawa, najua kupona kunavyokuwa, na haikuwa hivyo. Alhamisi iliyofuata nilikuta mlango umefungwa na moshi unatoka. Nikagonga, hakujibu. Iliyofuata hivyo hivyo. Hata serikali sasa aliikataa. Nikarudi na kipimo changu kwapani nikipita kwenye mashamba ya ngano, nikajikuta nalia njiani, si kwa ajili yake tu. Mama yangu yuko Tanga, mume niliachana naye, chumba changu kina kitanda, ndoo na jiko la mafuta. Ile Alhamisi ndiyo ilikuwa siku pekee niliyokuwa naingoja, na nilikuwa nimeiharibu kwa mikono yangu.

Barua ya uhamisho ikaja, Getanuwas, wilaya ya Hanang. Nikaenda kumuaga. Akanijibu kutoka ndani, "Safari njema, Nesi. Mungu akutunze." Hakufungua.

Getanuwas ni vumbi na mifugo, na jua nililolililia miaka mitatu nikalipata mpaka likanichosha. Sare zangu nilikwenda kushonesha Katesh kwa yule binti, na kila nikienda aliniuliza neno moja, pini zikiwa mdomoni, "Bado?" Nami nikamjibu, kwa niliyoyasikia kwa wenzangu wa Nambis, "Bado." Mtoto alikuwa amekua, anacheza chini ya meza na vipande vya vitambaa. Hatukuongeza. Nikamlipa nikaondoka.

Mwaka huu niliitwa Mbulu mjini kwenye semina ya chanjo. Ikaisha mapema siku ya pili, nikapanda pikipiki mpaka Nambis. Nilijiambia nakwenda kununua vitunguu saumu.

Nilimkuta uani, mbele ya jiko la mafiga matatu, anasonga ugali. Amekonda, shati limemzidi. "Shikamoo, Mwalimu." "Marahaba, Nesi. Umeungua na jua." Akaendelea kusonga. Sikunyoosha mkono, nilishajifunza. Nikakaa kizingitini mahali pangu.

"Ule muziki," akasema bila kunitazama, "nilikasirika sana."

"Najua. Nisamehe."

"Si wewe. Nilikasirika nilipolala nikiwaza watu wale. Wamepiga vipande sita, wamefika mwisho, wamefunga vyombo vyao wamekwenda nyumbani kula. Kazi yao imekamilika. Mimi ndiye niliyesimama pale nimeinua mkono." Akapindua ugali kwenye sahani ya bati. "Nimekaa miezi nikimtafuta mtu wa kukosea ili nimlaumu. Sikumpata."

Akaleta maziwa ya mgando, akayamimina kwenye bakuli. Nikawa natazama ni wapi atakapoweka sahani ya wageni. Hakuileta. Akaja na jagi la maji na beseni, akasimama mbele yangu, karibu kabisa, maji yanamwagika kwenye viatu vyangu.

"Nilingoja wazee," akasema. "Nikangoja mchungaji. Hakuna anayekuja, Nesi. Nawa."

Nikanawa. Nikampokea jagi, nikammiminia naye akanawa. Tukakaa kizingitini, sahani ile ya bati magotini mwetu, nusu kwake nusu kwangu. Alimega tonge la kwanza akalishika muda mrefu, nikadhani litamshinda. Kisha akalichovya palepale nilipochovya mimi, akala. Tukala mpaka sahani ikaisha. Ugali ulikuwa mgumu na maziwa aliyatia chumvi nyingi, na sikumkemea.

"Huyo wa Katesh," akasema baadaye. "Nimempigia simu mara nne hapokei, au nakata kabla hajapokea, sijui. Mpigie wewe. Usimwambie nimepona. Mwambie ulichokiona tu."

Nikasogea mpaka kwenye mashamba ambako mtandao unashika. Akapokea, nyuma yake cherehani inakimbia. Nikamwambia niko kwa baba yake. Nikamwambia nimekula naye.

Cherehani ikasimama. "Chombo kimoja, dada?"

"Kimoja. Maziwa tumechovya pamoja."

Ilikuwa saa kumi jioni, na basi la kutoka Katesh kuja huku hupita asubuhi tu, hilo mimi najua na yeye anajua zaidi yangu. Kisha simu ikawa mbali na mdomo wake, na nikamsikia anamwambia mtoto, "Toka huko chini, mama. Njoo uvae viatu."